Hisa za Ndugu Zetu Marekani na Pengo Lisiloonekana

Kila mwanzo wa mwaka, ndugu zetu waishio Marekani waliouza hisa hupokea kutoka kwa dalali wao fomu iitwayo 1099-B. Humo mna kila mauzo: tarehe ya kununua, tarehe ya kuuza, fedha iliyopatikana na gharama ya ununuzi. Nakala yake hupelekwa IRS, mamlaka ya kodi ya nchi hiyo. Aliyeuza mara mia tatu haziandiki kwa mkono. Huiacha programu ya kodi, kama vile TurboTax, ivute takwimu hizo kutoka kwa dalali na kuzipanga katika fomu 8949.

Wepesi huo una hatari yake, kwani programu hupokea kilichoandikwa tu. Kwa hisa za makampuni, sheria inamlazimu dalali kuripoti gharama ya zile zilizonunuliwa tangu mwaka 2011. Za kabla ya hapo huweza kuja zikiwa tupu. Pengo hilo likihesabiwa kuwa sifuri, aliyenunua kwa dola 4,000 na kuuza kwa dola 5,000 ataonekana amefaidi 5,000 zote, ilhali faida yake ni 1,000.

Wanaoumia zaidi, kwa maoni yetu, ni waajiriwa wanaopewa hisa na kampuni zao. Thamani ya hisa hizo ilikwisha kuingizwa katika mshahara na kutozwa kodi walipokabidhiwa, lakini mara nyingi fomu ya dalali haionyeshi hivyo. Baba wa familia asiyelijua hilo hulipa kodi mara mbili kwa mali ile ile, na fedha hiyo ingetosha karo ya mtoto. Kusahihisha si ujanja: fomu 8949 ina safu maalumu ya marekebisho, na ushahidi wake ni karatasi za mwajiri, ambazo wengi huzitupa.

Wapo pia wanaoitumia 1099-B kukadiria zaka. Haifai. Fomu hiyo inataja hisa zilizokwisha kuuzwa, na zaka hutazama mali iliyomo mikononi mwaka unapotimia. Kinachohitajika ni taarifa ya akaunti ya siku hiyo, nayo huhesabiwa kwa mwezi mwandamo; haingoji tarehe 15 Aprili.