Wanawake Wasaka Vipaji katika Besiboli ya Kulipwa nchini Marekani
Msaka vipaji wa besiboli huzuru viwanja vya shule na vyuo, hukadiria namna mchezaji anavyopiga, kurusha na kukimbia, kisha huiandikia klabu ripoti. Edith Houghton, aliyechezea timu ya wanawake ya Philadelphia Bobbies tangu akiwa na umri wa miaka 10, aliajiriwa na Philadelphia Phillies kwa kazi hiyo mwaka 1946. Mwaka 1952, hata hivyo, viongozi wa besiboli ya kulipwa walipiga marufuku usajili wa wachezaji wanawake. Kwa kuwa wasaka vipaji wengi hutoka miongoni mwa wachezaji wastaafu, katazo hilo liliwazibia wanawake njia ya kawaida ya kuingia katika kazi hiyo. Amanda Hopkins, aliyeajiriwa na Seattle Mariners mwaka 2015, alikuwa binti wa msaka vipaji. Hivyo, kilichowapungukia wanawake si jicho la kutambua kipaji, bali ni nafasi ya kuukaribia mchezo.