Ukimtafuta Guka wa Riruta, Anzia Kiambu

Januari 2022 Waingereza walifungua fomu za sensa yao ya 1921. Aprili mwaka uo huo Wamarekani wakafungua za 1950. Mjukuu huko huandika jina la babu yake kwenye kompyuta, akaona mzee aliishi nyumba gani, na nani, na alifanya kazi gani. Mtu wa Riruta, Nairobi, akisikia hayo huuliza: na zetu?

Zetu hazifunguliwi. Sheria ya Takwimu ya Kenya ya 2006 inakataza kutoa habari zinazomtambulisha aliyehesabiwa. Tena sensa za 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwahesabu Wazungu, Waasia na Waarabu. Mwafrika alikadiriwa tu, hasa kupitia kodi ya nyumba. Waafrika wote walihesabiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Hata humo umri si wa kutegemea, kwani mzee asiyejua mwaka aliozaliwa alikisia, na makisio huangukia arobaini au hamsini.

Kilichobaki ni majedwali, na majedwali hayana jina la guka, yaani babu yako. Yana kazi nyingine: kukuonyesha ofisi gani ilitawala kijiji chake. Hapo ndipo wengi hupotea. Sensa ya 1962 ilihesabu watu zaidi ya 266,000 Nairobi. Ile ya 1969 ikahesabu zaidi ya 509,000. Si wote walioongezeka waliozaliwa au kuhamia katika miaka hiyo saba. Mwaka 1963 mipaka ya jiji ilipanuliwa, na Dagoretti, pamoja na Riruta na Kawangware, ikatolewa Kiambu na kuingizwa Nairobi. Familia haikuhama hata hatua moja, ila karatasi zake za awali zilibaki kwa mkuu wa wilaya (DC) wa Kiambu.

Majina yenyewe yamo kwenye ardhi. Chukua hati miliki ya nyumbani uitazame: namba ya shamba huanza na Dagoretti/Riruta. Kwa namba hiyo, rejista ya ardhi huonyesha mmiliki wa kwanza na kila aliyefuata. Mwenye shamba akifariki, ombi la kurithi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, likitaja jina la marehemu, tarehe ya kifo na wanaoomba. Matoleo mengi ya zamani yako kwenye intaneti. Kwa maoni yangu, tangazo moja la urithi lina faida zaidi kwa ukoo kuliko jedwali zima la sensa, ingawa mara nyingi huibua pia mke ambaye hakuna aliyewahi kumtaja mezani.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, soma ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Morris Carter, iliyoundwa 1932. Wazee wa mbari, yaani koo, za Kiambu walieleza mbele yake nani alinunua githaka, yaani ardhi ya ukoo, na kutoka kwa nani. Soma kwa tahadhari: walikuwa wanadai ardhi, na mdai hachagui babu wa kumdhoofisha.

Kibera ina njia yake. Eneo hilo lilitangazwa hifadhi ya jeshi mwaka 1918, na wanajeshi Wanubi wa King's African Rifles wakakaa kwa vibali. Mnubi hatafuti shamba la ukoo; hutafuta kibali na utumishi wa jeshi. Jirani yake aliyekuja kupanga chumba miaka ya sabini atapata zaidi kwenye rejista za kanisa na shule za kwao kuliko kwenye karatasi yoyote ya Nairobi.

Kabla ya kutoka nyumbani, waulize wazee riika la guka, yaani kundi alilotahiriwa nalo. Mariika mengi yalipewa jina la tukio la mwaka huo, kwa hiyo husaidia kukadiria umri zaidi kuliko fomu ya sensa. Kisha ufikapo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, omba mafaili ya wilaya ya Kiambu, si ya Nairobi. Yale yanayoanza na DC/KBU ndiyo yako.