Wati-saa 100: mpaka wa biashara ya betri angani

Betri ya lithiamu anayopanda nayo abiria wa ndege hupimwa kwa wati-saa, wala si kwa tarakimu nene zilizochapwa usoni mwa pawabenki. Mnunuzi wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, huuliza kama ni ya elfu kumi au elfu ishirini, akimaanisha miliampea-saa. Mkaguzi wa uwanja wa ndege huigeuza pawabenki hiyohiyo na kutafuta maandishi madogo ya nyuma. Vipimo hivyo viwili huunganishwa na hesabu nyepesi: miliampea-saa huzidishwa kwa volti, ambazo kwa kawaida ni 3.7, kisha jibu hugawanywa kwa 1,000. Ya 20,000 ina wati-saa 74, ya 27,000 ina 99.9, na ya 30,000 ina 111.

Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, betri isiyozidi wati-saa 100 haihitaji kibali. Ikiwa kati ya 100 na 160, shirika la ndege sharti liridhie, na za akiba zisizidi mbili. Ikipita 160, abiria wa kawaida haruhusiwi kupanda nayo. Viwanda vimeuelewa mpaka huo kuliko wasafiri: pawabenki nyingi kubwa zinazouzwa huishia 20,000 au 27,000, na kompyuta ya MacBook Pro ya inchi 16 iliyotoka mwaka 2019 ilipewa betri ya wati-saa 100 barabara.

Pawabenki na betri za akiba hukaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye begi linalopakiwa chini. Wengi huliona sharti hilo kama kinyume cha usalama, lakini lina sababu. Seli moja ndani ya betri ikipata hitilafu, joto lake hupanda lenyewe na kuipasha seli ya jirani, nayo hulipuka kwa zamu yake. Gesi ya haloni inayotumika kuzima moto kwenye chumba cha mizigo huua miali bila kuzipoza seli, hivyo moto waweza kurudi. Kwenye viti vya abiria moshi huonekana mapema, na wahudumu humwagia kifaa maji. Betri iliyo wazi, ikikutana na funguo au sarafu mfukoni, huweza kuwaka. Ndiyo maana ncha zake huzibwa kwa utepe.

Kwa mfanyabiashara, uzito wa suala uko kwenye shehena. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747 iliyokuwa na betri za lithiamu, ilishika moto na kuanguka Dubai. Marubani wake wawili walikufa. Tangu 1 Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake hazipakiwi kama shehena kwenye ndege za abiria. Kwenye ndege za mizigo, chaji yake ilitakiwa isizidi asilimia 30. Simu yenye betri ndani bado hupita kwa masharti mepesi zaidi. Kwa hiyo mzigo mmoja kutoka Guangzhou, China, hugawanyika: simu hupanda ndege, katoni za pawabenki hungoja ndege ya mizigo au meli, na mtaji hulala baharini kwa wiki kadhaa. Wakala wa mizigo hudai pia ripoti ya UN 38.3, yaani ya majaribio ya usalama wa betri safarini, karatasi ambayo mwenye kiwanda cha uchochoroni mara nyingi hana.

Mwaka 2025 masharti yalikaza. Baada ya ndege ya Air Busan kuungua ardhini huko Gimhae mwezi Januari, Korea Kusini ilizuia pawabenki kuwekwa kwenye makabati ya juu ya viti. Shirika la ndege la Emirates, linalotua Dar es Salaam na Nairobi, tangu 1 Oktoba huruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, chini ya wati-saa 100, nayo haitumiki angani. China, tangu 28 Juni, huzikataa pawabenki zisizo na alama ya 3C, uthibitisho wa usalama wa nchi hiyo, kwenye safari za ndani, kwa hiyo mnunuzi anayeruka kutoka Yiwu kwenda Guangzhou huweza kuiacha yake mezani pa ukaguzi.

Pawabenki ya bei chee hujikaanga hapo kwa mafuta yake. Iliyoandikwa 50,000 ili kumvutia mnunuzi, hata kama ndani haifiki nusu, kwa hesabu ya mkaguzi ni wati-saa 185. Na ile iliyofutika maandishi haina cha kuhesabiwa, nayo hubaki.