Masurufu ya Safari ya Nhica do Rovuma

Miongoni mwa mambo ambayo wakuu wa vyuo huyahesabu kuwa ni ya makarani, nayo kwa hakika ndiyo yanayoamua kama elimu itatoka nje ya kuta za chuo au itabaki humo humo, ni hesabu ya safari za kikazi: nani atoe fedha kabla gari halijawashwa, ushahidi gani uletwe baada ya kurejea, na muda gani upite kabla ya mtumishi aliyetumia chake kurudishiwa haki yake. Nimechagua kuieleza habari hii kwa mfano wa Nhica do Rovuma, kwa sababu kanuni isiyofaa huko, ambako utafiti unahitajika, haifai popote ila mjini, na mjini hata kanuni mbovu hupita.

Nhica do Rovuma imo katika wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa mkoa wa Cabo Delgado wa Msumbiji, upande wa mto Ruvuma unaotenga Msumbiji na Tanzania. Ni nchi ya mchanga na ya misitu mikavu ya pwani, aina ya misitu ambayo mnamo 2008 na 2009 iliwavuta Cabo Delgado wataalamu wa mimea kutoka Maputo, Paris na bustani ya Kew, nao wakakuta humo mimea ambayo elimu ilikuwa haijapata kuiandika. Lakini aliye jirani na misitu hiyo si bwana wa Paris, bali ni mwalimu wa mji wa Pemba, huko huko Cabo Delgado, ambako Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoasisiwa 2006 na kuwekewa makao makuu Nampula, kina kitivo chake cha sayansi asilia. Na tangu 2019 kipo pia Chuo Kikuu cha Rovuma, chenye jina la mto wenyewe na tawi Montepuez. Ujirani huo, hata hivyo, ni wa ramani tu, maana kutoka Pemba hadi Palma ni zaidi ya kilomita 300 za barabara, na toka Palma kwenda bara msafiri hukabidhiwa mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika.

Fedha ya safari kama hiyo hutolewa kwa taratibu tatu, ambazo aghalabu huchanganywa. Posho ya kujikimu, ambayo Msumbiji huitwa ajudas de custo, ni kiwango kilichokwisha kukatwa kwa kila siku kulingana na cheo, na mpokeaji wake hadaiwi stakabadhi ya wali wala ya kitanda, bali hudaiwa uthibitisho kwamba alifika. Masurufu ni fedha anayokabidhiwa mtu kwa kazi maalumu, naye huichukua kama amana, kisha akarejea na hesabu yake, na salio likiwapo. Marejesho ni kumwambia mtumishi atangulize fedha yake mwenyewe, halafu alete karatasi, halafu asubiri. Utaratibu huu wa tatu hupendwa na wahasibu kwa kuwa haumwachii mtu fedha ya umma mkononi, na katika nchi ambazo mtumishi ana kadi ya benki na mshahara wa kutosha huenda usiwe na madhara. Lakini chuo kinachomtaka mhadhiri msaidizi atangulize nauli, mafuta na ujira wa wapagazi kinamkopa mnyonge bila ya riba, bila ya hati, na bila ya siku ya kulipa.

Tumtazame mwalimu huyo akiwa kazini. Amebeba magazeti makuukuu ya kubania mimea, mbao mbili na kamba za kuyakaza, na gari la chuo likiwa limekwama au halikupatikana, hukodi pikipiki mbili. Petroli huinunua kando ya njia, imetiwa katika chupa za maji, kwa bei anayoitaja muuzaji. Akifika kijijini humtafuta mzee anayeijua miti kwa majina yake ya Kimakonde, amlipe kwa siku, na mwanamke wa kumpikia yeye na wenzake. Hakuna hata mmoja kati ya watu hawa mwenye kitabu cha stakabadhi. Mwalimu basi huchana karatasi daftarini, huandika kwamba fulani amepokea metikali kadhaa kwa kazi fulani, siku fulani, na mzee hutia dole gumba lililopakwa wino wa kalamu. Karatasi hiyo, iliyo kweli tupu, hurudishwa na mhasibu kwa kuwa haina NUIT, yaani namba ya mlipa kodi, wala muhuri wa duka.

Anayerudishiwa karatasi mara mbili hujifunza. Madukani vipo vitabu vya stakabadhi vitupu, na yupo kila mara mwenye duka aliye radhi kuandika mafuta yasiyonunuliwa kwake. Na hesabu hiyo, iliyo ya uongo toka mwanzo hadi mwisho, hupita mezani bila ya swali, maana ina namba na muhuri. Hivyo kanuni iliyowekwa kuzuia hila humlazimisha mwadilifu aifanye, na humpa mlaghai kinga, kwa kuwa zake ndizo karatasi zilizo nadhifu kuliko zote. Dawa si kulegeza kila kitu. Chuo kiweke ukomo, tuseme kiasi fulani kwa malipo mamoja na kiasi fulani kwa safari nzima, ambao chini yake ungamo la mpokeaji, lenye dole au sahihi yake na sahihi ya shahidi mmoja wa kijiji, litakubaliwa kama stakabadhi. Na pale ambapo malipo yamepita kwa M-Pesa au e-Mola, ujumbe wa simu, wenye jina, saa na kiasi, ukubaliwe bila ya ubishi, maana ni vigumu kuughushi kuliko karatasi ya duka.

Kuhusu kuthibitisha kwamba mtu alifika, urithi wa utawala wa Msumbiji si wa kudharauliwa. Mtumishi husafiri na guia de marcha, hati ya safari inayoandikwa jina lake, kazi yake na aendako, na huko aendako hugongwa muhuri wa siku aliyowasili na siku aliyoondoka. Muhuri wa mkuu wa eneo una thamani kuliko stakabadhi kumi za hoteli. Lakini muhuri hutaka ofisi, na tangu vita vya waasi vilipoanza katika mji jirani wa Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, hata Palma yenyewe ikashambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mabenki yake yakiwamo, ofisi nyingi za serikali za kaskazini zilifungwa au kuchomwa, na watumishi wake wakahamia Pemba. Kanuni inayojua muhuri mmoja tu humwacha msafiri bila ya shahidi. Hapana budi itaje wa badala, awe ni mwalimu mkuu wa shule, mganga wa zahanati, au picha ya simu inayohifadhi mahali na saa.

Lipo tatizo jingine ambalo msomaji wa kawaida halioni, nalo ni la kalenda. Kwa sheria ya mfumo wa fedha za dola, SISTAFE, ya mwaka 2002, iliyofuatwa na nyingine ya 2020, matumizi hupita hatua tatu: kwanza fedha hutengwa katika fungu lake, kisha deni huthibitishwa, kisha hulipwa. Safari iliyofanyika kabla fungu halijatengwa haina mlango wa kulipiwa, hata kama mkuu wa kitivo aliiridhia kwa mdomo mbele ya watu. Na mwaka wa fedha hufungwa tarehe 31 Disemba, ilhali mimea mingi ya misitu hii huchanua mvua za kwanza zinapoanguka, Novemba na Disemba. Mtaalamu wa mimea huitwa na maua wakati ule ule mhasibu anapofunga vitabu! Asiyeombewa fungu mapema hulipwa mwakani, ikiwa atalipwa.

Ng'ambo ya Ruvuma, vyuo vya umma vya Tanzania huyategemea zaidi masurufu: asiyeyarejeshea hesabu hukatwa mshahara, na hapewi mengine mpaka ya kwanza yafutwe. Ni ukali unaoudhi, lakini ni ukali wenye insafu, kwa kuwa chuo ndicho kinachotangulia kuamini na mtumishi ndiye anayefuatia kuthibitisha. Misafara ya zamani iliendeshwa hivyo hivyo; mfanyabiashara Tippu Tip hakuingia bara kwa fedha ya mfukoni mwake, bali kwa mali aliyotangulizwa na tajiri Taria Topan wa Unguja, na hesabu ikafanywa aliporudi na pembe.

Viwango vya posho navyo hudhani kwamba shamba ni rahisi. Mradi wa gesi wa Afungi uliipandishia Palma bei ya kulala, na jedwali la posho halina habari.

Mhasibu asilaumiwe kwa haya, maana yeye hutekeleza aliyoandikiwa. Ninaowaomba ni wajumbe wa mabaraza ya vyuo: katika kikao kijacho, kabla ya kusikiliza taarifa ya majengo, waulize ni watumishi wangapi wanakidai chuo fedha za safari, kiasi gani, na tangu lini, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao.