Fahamu: Uso uivao kwa kileo na hatari ya moyo mezani pa upasuaji
Miongoni mwa watu wa Uchina, Japani, Korea na Taiwan wamo wengi, yapata theluthi moja hata nusu, ambao wakionja kileo kidogo tu nyuso huwaiva na moyo kuwaenda mbio. Na hali hiyo, ambayo wenyewe huifanyia mzaha karamuni, asili yake ni herufi moja iliyobadilika katika jeni iitwayo ALDH2, wakarithi kikiwa dhaifu kimeng'enya kishughulikiacho kileo mwilini.

Kazi ya kimeng'enya hicho si pombe peke yake. Tabibu aupasuapo moyo, aghalabu hulazimika kuuzuilia damu kwa muda, kisha kuiachilia. Na ajabu ni kwamba damu irudipo, badala ya kuleta nafuu tupu, huzusha pia sumu za jamii ya aldehaidi ziziharibuzo seli. Mwenye kimeng'enya kamili huzivunja upesi. Mwenye kilicho dhaifu hukawia, na madhara huweza kuzidi.

Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza katika jarida la *Science* kwamba Alda-1, dawa yenye kukiamsha kimeng'enya hicho, ilipunguza kwa asilimia 60 sehemu ya moyo wa panya iliyokufa kwa kukosa damu. Panya si binadamu, naam. Lakini wabebao jeni hiyo iliyobadilika wanapindukia milioni 500, hali utafiti wa jeni ulimwenguni umewaelekea zaidi watu wa asili ya Ulaya, jambo ambalo kwa rai yangu ni taksiri kubwa. Nitrogliserini nayo, dawa kongwe ya maumivu ya kifua, huhitaji kimeng'enya kicho hicho ili ifanye kazi, hivyo baadhi yao huenda isiwafae sana.