Kuhesabu Matundu: Jinsi Bunduki ya Kuwindia Mabata Bukini Inavyopimwa

Kila mwaka majira ya baridi yanapokaribia, mabata bukini wa Kanada huhama kutoka kaskazini na kuelekea kusini hadi Marekani. Wawindaji huwangojea mabwawani na katika mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Ndege huyu si mdogo. Wale wa aina kubwa huwa na uzito wa kilo 3 hadi 5, nao wana manyoya mazito na mifupa migumu. Akipigwa punje mbili tatu zisizofika moyoni wala mapafuni, aghalabu haanguki, bali huendelea kuruka na kwenda kufa mahali ambapo hapana atakayemwokota. Nyama hupotea, na ndege huteseka bure. Kwa sababu hiyo mwindaji mwangalifu, kabla ya kwenda bwawani, huijaribu bunduki yake kwanza kwenye karatasi.

Bunduki itumikayo ni ile ya marisau. Haitoi kipande kimoja, bali punje nyingi za mviringo zilizofungwa pamoja katika kartriji, yaani ganda lenye fataki, baruti na kikombe cha plastiki kinachozibeba punje hizo. Marisau yakitoka mtutuni huanza kutawanyika, na kadiri yanavyokwenda mbali ndivyo nafasi kati ya punje na punje inavyopanuka. Swali la kujibiwa ni hili: katika umbali alipo ndege, ni punje ngapi zinazobaki pamoja?

Kutoka risasi hadi chuma

Lugha ya Kiswahili yenyewe inakumbusha historia ya jambo hili, kwani neno risasi ni jina la metali na pia la kile kinachofyatuliwa na bunduki. Kwa muda mrefu marisau yalitengenezwa kwa metali hiyo, ambayo ni nzito na rahisi kuyeyushwa. Lakini risasi ni sumu. Bata humeza changarawe ili zimsaidie kusaga chakula katika firigisi, na pamoja nazo humeza punje zilizoanguka matopeni. Punje hizo husagwa, risasi huingia katika damu, na misuli hulegea hata ndege akafa. Mwaka 1959 mtaalamu Frank Bellrose wa Illinois alikadiria kwamba sumu hiyo iliua asilimia 2 hadi 3 ya ndege wa jamii ya bata wa Amerika Kaskazini kila mwaka. Tangu msimu wa 1991 marisau ya risasi yamepigwa marufuku kote Marekani katika uwindaji wa ndege hao, na Kanada ikafuata mwaka 1999.

Badala ya risasi, wengi hutumia chuma laini. Hapo ndipo ujuzi wa zamani ulipopungua thamani. Sentimeta moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.3, lakini ya chuma ina gramu 7.8 tu. Punje ya risasi yenye kipenyo cha milimeta 3.8, iitwayo namba 2, ina uzito wa karibu gramu 0.32. Punje ya chuma ya ukubwa uo huo ina karibu gramu 0.22, hivyo hupunguzwa kasi na hewa upesi zaidi, na hufika kwa ndege ikiwa na nguvu haba. Dawa yake ni kuchagua punje kubwa zaidi, kama ile iitwayo BB, yenye milimeta 4.6 na uzito wa karibu gramu 0.4. Lakini dawa hiyo ina gharama. Katika gramu 35 za chuma mna punje za namba 2 zipatazo 155, ilhali za BB ni 90 tu. Kinachoongezwa katika nguvu ya kila punje hupunguzwa katika idadi.

Mbano wa mtutu

Kwa kuwa punje ni chache, hapana budi zikusanywe vizuri. Kazi hiyo hufanywa na mbano, yaani kule kusinyaa kwa tundu la mtutu karibu na mdomo wake. Katika bunduki ya kipimo cha 12, tundu lina upana wa milimeta 18.5, na mbano kamili haufikii milimeta 1. Hata hivyo tofauti hiyo ndogo ina athari kubwa. Kwa desturi, mtutu usio na mbano hutarajiwa kuingiza asilimia 40 ya punje katika duara la inchi 30 (sentimeta 76) kwa umbali wa yadi 40, yaani karibu meta 37. Mbano mdogo hutarajiwa kuingiza asilimia 50, wa kati 60, na kamili 70.

Viwango hivyo viliwekwa zama za risasi. Punje za risasi hubonyea zinaposukumwa na baruti, na punje iliyobonyea huenda upande. Chuma hakibonyei, kwa hiyo punje zake husafiri zikiwa zimeshikamana zaidi. Matokeo yake ni kwamba mbano wa kati ukitumiwa na chuma huweza kufanya kazi ya mbano kamili. Zaidi ya hayo, chuma kikubwa kikilazimishwa kupita katika mbano kamili wa bunduki ya zamani huweza kuuharibu mtutu. Basi jina lililochorwa kwenye mtutu halitoshi kuwa ushahidi.

Karatasi ndiyo shahidi

Njia ya kupima ni rahisi. Karatasi yenye upana wa zaidi ya meta moja husimamishwa mbele ya kingo ya udongo. Mwindaji hupima yadi 40, huegemeza bunduki, na hupiga mara moja akilenga katikati. Kisha huchora duara la sentimeta 76 akizunguka mahali penye matundu mengi zaidi, na kuyahesabu. Kartriji moja hufunguliwa ili kujua idadi kamili ya punje. Ikiwa zilikuwa 90 na matundu ni 54, jibu ni asilimia 60. Kwa bata bukini mkubwa na punje za BB, kiasi cha matundu 50 huhesabiwa kuwa cha kutosha. Yafaa pia kutazama kama mna nafasi tupu ambamo ndege angeweza kupita salama, na kama kitovu cha matundu kipo pale palipolengwa.

Kosa la kawaida ni kuamini karatasi moja. Hata bunduki na kartriji zisipobadilika, bahati peke yake huweza kuleta matundu 49 leo na 59 kesho. Mtu akilinganisha mibano miwili kwa pigo moja moja, huenda akasifu kilicholetwa na bahati. Akipiga karatasi kumi kwa kila mbano na kutafuta wastani, yumbo hilo hupungua hadi karibu theluthi moja, na tofauti ya kweli huonekana. Ikiwa wastani bado ni mdogo, anayo njia mbili: kubadili mbano au kartriji, ama kusogea karibu na kuacha kupiga ndege walio mbali.

Jambo hili si la Amerika peke yake. Mkataba wa kuwahifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliofikiwa mwaka 1995, unataka marisau ya risasi yaondolewe katika ardhi oevu, na Tanzania na Kenya ni miongoni mwa wanachama wake. Mahali popote risasi itakapoachwa, hesabu hii itabidi ianzwe upya. Aliyekwisha kuhesabu matundu yake anaujua mpaka wa uwezo wa bunduki yake, na ndege aliye nje ya mpaka huo humwacha apite.