Mfereji Umefukiwa, Sadaka Imebaki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ijumaa hii tunawachukua wasomaji wetu hadi Cairo, Misri, jirani na msikiti wa Sayyida Zaynab, ambako tulizuru jengo dogo linalopitwa na wengi.

Jengo hilo ni sabili, yaani mahali pa kugawa maji ya kunywa bure kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Neno hili si geni kwetu: ndilo tulisikialo katika Kiswahili tunaposema kuwa mtu ameisabilia mali yake. Ilijengwa karibu na mwaka 1760 kwa amri ya Sultani Mustafa wa Tatu wa dola ya Uthmaniya. Yeye alitawala kutoka Istanbul na hakuwahi kufika Cairo. Aliwanywesha watu ambao hakuwaona.

Tulipoingia, tulikuta kuta zimefunikwa vigae vya buluu na vyeupe vilivyotoka Uholanzi, vyenye picha za mashua, mifereji na nyumba za mashambani. Chini ya sakafu kuna birika kubwa, na ghorofani palikuwa chuo cha watoto cha Kurani. Ukarabati wake, ulioongozwa na msanifu majengo Agnieszka Dobrowolska mwanzoni mwa karne hii, umevirudishia vigae hivyo mng'ao wake.

Birika hilo lilijazwaje? Jibu lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Mwaka 18 Hijria (639) Madina ilipatwa na ukame mkali. Misri ilipofunguliwa muda mfupi baadaye, Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliagiza kwamba mfereji wa kale ufukuliwe upya, uunganishe Mto Nile na Bahari ya Shamu, ili nafaka ifike Hijazi kwa merikebu. Amr bin al-As akaitekeleza kazi hiyo, na ukaitwa Mfereji wa Amirul-Muuminina. Karne iliyofuata ulizibwa upande wa bahari, lakini sehemu ipitayo Cairo iliendelea kupokea maji kila Nile ilipofurika. Hapo ndipo wachukuzi wa maji walipojaza mabirika ya mji kwa viriba.

Mwishoni mwa karne ya 19 mfereji ulifukiwa, na juu yake pakapita tramu. Leo ni barabara ya Port Said, yenye magari na vumbi. Mifereji iliyochorwa ukutani ingali ikionekana. Mfereji wa kweli haupo.

Ndugu Waislamu, tulitoka pale na fundisho moja. Waliojenga sabili za Cairo hawakuishia kwenye jiwe na nakshi. Waliziwekea wakfu: kodi za maduka, nyumba na mashamba, ili alipwe mgawa maji, alipwe mwalimu, na birika lisafishwe kila mwaka kabla ya kutiwa maji mapya. Walijua kwamba sadaka isiyo na mtunzaji haidumu.

Sisi je? Tunaufahamu msikiti mmoja ambao kisima chake kilizinduliwa kwa dua na vifijo. Pampu ilipoharibika hapakuwa na akiba hata ya kununua kipuri, na kina mama wakarudi kubeba ndoo kutoka mbali. Aliyetoa alitoa kwa nia njema, lakini hakuna aliyeifikiria kesho.

Tunajua kisa cha Saad bin Ubada (R.A.), aliyemtolea marehemu mama yake sadaka ya kisima baada ya Mtume (S.A.W.) kumweleza ubora wa maji. Basi familia inayokusudia kuwachimbia wazee wake kisima nayo ijiulize: nani atakitunza, na kwa fedha ipi? Chumba kimoja cha kupangisha, au minazi michache iliyowekwa wakfu, huenda ikatosha kuyafanya maji hayo yaendelee kutiririka, na thawabu pamoja nayo.

Wabillahi tawfiq.